Nukta ya Bluu kwenye Kadi ya Kliniki

Tulipomzika Sista Eliambuya pale Kongowe, kipaza sauti kilizungushwa kwa wazee wa kanisa, kwa majirani na kwa wauguzi wastaafu, na kila aliyekishika alieleza jinsi marehemu alivyokuwa mkali wa usafi, mpenda haki, mama wa kila mtu. Kilipofika kwangu nilisema kwamba Sista alinifundisha kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na kwamba alinifundisha pia ubaya mmoja ambao ningeomba niueleze. Sikuueleza. Mwongoza ratiba alinipokonya kile kipaza sauti kwa adabu, akasema, "Ahsante sana bibi yetu, muda hauturuhusu," kwaya ikaanza kuimba, nami nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza, "Bibi, marehemu hasemwi." Nikamgeukia nikamwambia kwamba marehemu hasingiziwi pia, na sifa nyingine ni kumsingizia mtu. Nadhani aliona uzee umenipanda kichwani. Basi nimerudi nyumbani, nimechukua daftari la mjukuu wangu, na humu hakuna wa kunipokonya. Nilimpenda Sista. Nilimuuguza mwaka wake wa mwisho, nikimkata kucha na kumsomea Biblia yake ingawa mimi ni Mwislamu, na hatukuwahi hata siku moja kulizungumza jambo hili. Yeye hakutaka, mimi nilimwonea haya. Sasa haya zimeniisha.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kijijini Kisarawe na cheti cha darasa la saba na mwandiko uliosifiwa na kila mwalimu, nikaajiriwa kuwa karani wa kadi katika kituo kimoja cha afya upande wa Kibaha. Jina la kituo silitaji, majengo hayana kosa. Chumba changu kiliitwa masijala, jina kubwa kuliko chenyewe: meza moja, kigoda kimoja, rafu za mbao ambazo hazikupigwa randa, na maboksi ya maziwa ya unga yaliyojaa kadi zilizopangwa kwa vijiji. Dirisha lilifunguka barazani, nami niliwaona wanawake kuanzia kifuani kwenda juu. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa chumba cha sindano, na asubuhi yote nilisikia stovu ya mafuta ya taa ikinguruma na sindano zikichemka kwenye sufuria. Kila kadi ilikuwa na mistari ya kujaza: jina, umri, kijiji, jina la mume, kabila. Leo wako watu wanaoniambia kwamba wakati wa Ujamaa tulikuwa kitu kimoja na hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila lake. Mimi nilikuwa nauliza, kila siku, kuanzia saa moja na nusu, na nilikuwa naandika kwa wino.

Sista Eliambuya alikuwa mkuu wa kliniki ya wajawazito. Alitoka kaskazini, kwenye milima na baridi, alikosomeshwa na wamisionari, na uuguzi alikuwa anaujua barabara. Alinifundisha kunawa mikono mpaka kwenye kiwiko, kukunja shuka, kumsikiliza mtoto tumboni kwa lile bomba la mbao, ingawa kazi yangu ilikuwa kalamu tu. Alisema nina akili na kwamba mwaka unaofuata angeniombea nafasi ya kusomea uuguzi. Na wiki ile ile ya kwanza alinipa penseli ya bluu. "Ukiona mgumu," aliniambia, "weka nukta hapa, pembe ya juu. Ndogo tu. Wenyewe hawana haja ya kujua." Nikamuuliza mgumu ni nani. Akasema mgumu ni yule anayekosa tarehe, anayejibu "sijui", anayepewa maneno leo na kesho anafanya ya bibi yake. Kituo kilikuwa na kipimo kimoja cha presha na wanawake walijaa mpaka kwenye ngazi. Kadi isiyo na nukta ilipelekwa kwenye meza ya kipimo, mwenyewe akapimwa, akashikwa miguu, akaelezwa. Kadi yenye nukta ilipelekwa moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, na mwenyewe akapewa vidonge ndani ya karatasi iliyosokotwa, bila neno. "Nitampima anayesikia," Sista alisema. "Kumpima asiyesikia ni kumnyima mwenzake." Ukilisema hivyo haraka haraka linaonekana ni jambo la busara.

Haikunichukua muda kuona nukta inaangukia wapi. Mke wa mwalimu akikosa tarehe mbili, alikuwa na udhuru. Mama wa Kikwavi, wale wafugaji, kutoka Magindu, amefika na vumbi la safari ya tangu alfajiri, alipata nukta kabla hajakaa, kwa sababu mavazi yake yalitangulia kusema. Na sisi watu wa pwani, Wazaramo wa Kisarawe na Wakwere wa jirani, ilitosha jina. Nikiandika Mwanahawa binti fulani, kabila Mzaramo, mkono wenyewe ulikuwa unaikimbilia penseli. Nasema mkono wangu. Sista aliweka nukta moja, mimi nikaweka tatu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewajua: nilijua nani ametoka ngomani, nani ana hirizi ya mtoto imefungwa chini ya kanga, nani atamuuliza mkunga wa kijijini kabla ya kumeza kidonge. Penseli ile niliichonga mara nne mwaka ule.

Jumapili Sista alinialika chakula nyumbani kwake, kwenye zile nyumba za watumishi zenye bati na kijibaraza. Alipika ndizi na nyama, mchuzi mzito, na maziwa ya mgando ambayo mwanzoni yalinishinda. Wauguzi wawili watatu wa kwao walikuja, walivua viatu, wakakaa wakasema lugha yao, halafu kwa ajili yangu wakarudi kwenye Kiswahili. Walizungumza habari za barua za nyumbani, bei ya sukari, na wagonjwa. Sana wagonjwa. "Watu wa pwani wataka kubembelezwa," mmoja alisema siku moja akinyonya mfupa. "Umwambie ale mayai, akuambie mtoto atazaliwa kipara." Mwingine akasema, "Miaka kumi ya Uhuru, na bado hawajui mimba zao zina miezi mingapi. Wanahesabu nini hawa, mapigo ya ngoma?" Walicheka, Sista naye akacheka kidogo, kisha akaniona na kuniwekea mnofu kwenye sahani. "Si wewe, Mwantumu. Wewe si kama wao." Nikacheka pamoja nao. Nilifurahi, niseme kweli. Nilitembea kurudi chumbani kwangu nikilirudia lile neno, na wiki iliyofuata nilianza kutembea haraka haraka kama wauguzi na kuwaambia wanawake wa kwetu, "Haya, haya, jina, mbona unanitumbulia macho?" Yaani nyani haoni kundule, na mimi sikuliona langu.

Tatu binti Kondo alifika dirishani kwangu mwanzoni mwa masika. Alikuwa amekuja kukaa kwa wifi yake pale Kongowe ili awe karibu na kituo, kwa kuwa mimba mbili za kwanza ziliharibika kijijini kwao Kisarawe, nusu siku ya mguu kutoka kijiji chetu. Alikuwa na miaka kama ishirini na minne, mrefu, mpole, na kanga mbili zilizofuliwa zikafifia. Nilimwamkia shikamoo dada kwa sababu ya mimba yake, na alipoisikia lafudhi yangu uso wake ulifunguka. "Marahaba, mdogo wangu. Kumbe kuna mtu wa nyumbani humu!" Nikamwandikia. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu siku hiyo, akitafuta kadi nyingine, akauliza juu ya bega langu kwa sauti ya kutosha benchi zote mbili: "Mimba ya miezi mingapi?" Tatu akaangalia chini. Sista akarudia. Wanawake wakanyamaza kumsikiliza. "Sijui," akasema. "Hujui! Mficha uchi hazai, mama," Sista akasema, akaendelea na shughuli zake. Na mimi nikaweka nukta.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana hapa ndipo kaburi langu lilipo. Sista hakujua. Mimi nilijua. Kwetu, mwanamke aliyekwisha kupoteza mimba hataji miezi ya tumbo lake mbele ya kadamnasi. Atamwambia shangazi, atamwambia mkunga, chumbani, kwa mnong'ono. Kuitaja hadharani ni kumwalika hasidi, na kama huamini hasidi, basi ni kukosa adabu, kama kutaja unalala vipi na mumeo. Ningeweza kugeuka nikamwambia Sista, "Muulize pembeni." Maneno mawili. Nilikuwa binti wa mila ile ile, nimekulia kwenye mkeka ule ule, nami nikamwandika mwenzangu mjinga kwa kuwa alikuwa na heshima. Miaka mingi baadaye, nilipopata kuusomea uuguzi kwa kuchelewa na kuwa mwalimu wa wauguzi, wanafunzi wangu waliniona mwehu kwa jinsi nilivyokuwa nikikasirika wakiandika "mgonjwa haelewi." Niliwafukuza darasani kwa hilo. Waliporudi niliwauliza: umemuuliza wapi, mbele ya nani, kwa sauti gani, na umempa nafasi ya kukurudishia ulichomwambia kwa maneno yake? Kama hukufanya hayo, aliyeshindwa kuelewa ni wewe. Wengine mpaka leo wananisalimia kwa mbali.

Tatu alikuja kila tarehe, hakukosa hata moja. Kila mara kadi yake ilikwenda dirisha la dawa, kila mara alirudi dirishani kwangu kuniaga na karatasi yake ya vidonge. Jumanne moja, kliniki imekwisha, wenzake wameshaondoka, alibaki amesimama. Akaangalia kushoto na kulia, akatoa kwenye pindo la kanga kipande cha ukindu, ule wanaosukia mikeka, kimepigwa mafundo. "Mdogo wangu, nikwambie wewe maana wewe wa nyumbani," akasema polepole. "Kila mwezi ukiandama napiga fundo. Hapa saba. Na hivi vidogo siku: tisa. Leo siku ya tisa." Hakuna kadi katika maboksi yangu iliyokuwa sahihi kiasi kile. Halafu akaniambia lililomleta. Pete imemkatalia kidole, wameikata kwa fundi. Miguu akiibonyeza inabaki shimo. Kichwa kinamuuma upande wa mbele siku ya nne sasa, na macho yakimulikwa na jua anaona vimulimuli. "Nshamwambia yule wa dawa, akasema nipunguze kutembea. Mie sitembei, nasuka mkeka tu."

Mambo hayo yote yalikuwa yamechorwa kwenye bango chumba cha pili, mwanamke aliyevimba uso na mikono, na Sista mwenyewe ndiye aliyenifafanulia: ukiona hivi usimwache aondoke, ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Nikaenda mbio. Sista alikuwa chumba cha chai, ameweka miguu juu ya kigoda, kikombe mkononi, amechoka kweli kweli. Nilimweleza. Akauliza swali moja. "Ana nukta?"

"Anayo, Sista, lakini—"

"Basi mpe aspirini aende nyumbani. Hawa wakichoka kutembea miguu inavimba. Kipimo nimeshakifunga."

"Sista, anaona vimulimuli. Na mimba ana hesabu yake, ni miezi saba na siku tisa."

"Si alisema hajui?" Akanywa chai. "Mwantumu, mwanangu, usianze. Akikuona wa kwao atakuletea ukoo mzima."

Nikamweleza tena mara ya pili, akafumba macho. Mganga Mkuu wa kituo, Mzee Semboja, alikuwa Kisarawe akikagua zahanati, angerudi Alhamisi asubuhi. Nikarudi dirishani, nikamwambia Tatu aje Alhamisi mapema, nitamfikisha kwa Mganga mwenyewe. Alinishukuru. Alinishukuru sana, na nikamtazama akishuka ngazi, mkono mmoja kiunoni.

Ningependa kuandika kwamba hasira ilinipanda pale pale kwa ajili yake. La. Nilikaa kupanga kadi. Boksi la mwisho lilikuwa la watumishi, maana sote tulikuwa na kadi zetu ambazo sikuwahi kuziangalia, nalo liliniponyoka, kadi zikamwagika sakafuni. Yangu ilianguka kifudifudi. Nikaigeuza. Mwantumu, miaka kumi na tisa, Mzaramo, mwandiko wa Sista, tarehe ya siku niliyoajiriwa, na kule juu, pembeni, nukta ya bluu. Hapo ndipo nilipochemka. Naona aibu kuliandika hili kuliko lolote lingine: miguu iliyovimba ya mwenzangu ilinipa wasiwasi, lakini kadi yangu ndiyo iliyonipa ghadhabu. Nilikaa chini kati ya zile kadi nikacheka peke yangu mpaka mhudumu wa usafi akachungulia. Kisha nikachonga penseli. Nikatoa kadi zote za kliniki ya Alhamisi, za vijiji vyote, nikaweka nukta kila moja. Mke wa katibu wa chama, nukta. Mke wa mwalimu mkuu, nukta. Mdogo wake Sista aliyekuja kujifungulia kwetu kutoka kwao mlimani, nukta kubwa. Nilizichora bila haraka, kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Alhamisi ilipambazuka na mvua nyepesi. Tatu hakuwemo kati ya wanawake wa mwanzo, nikajiambia ni mvua. Kliniki ilianza na ikawa haijapata kwenda haraka hivyo. Muuguzi wa meza ya kipimo alikaa na kipimo chake hana mtu wa kumpima. Kila kadi ilipita kwake ikaenda dirisha la dawa, na mtoa dawa akasokota karatasi zake. Hawakuuliza, na hilo hunishangaza mpaka kesho. Walikuwa wamezoea kuangalia pembe ya kadi kuliko uso wa mtu. Haikufika saa tatu, mke wa katibu wa chama akarudi barazani na vidonge mkononi. Mama yule alizoea kupimwa akiwa amekaa kitini ofisini kwa Sista.

"Leo hatupimwi?" akauliza.

"Mama, wewe una nukta," yule muuguzi wa kipimo akamjibu, msichana mkweli.

"Nina nini?"

"Nukta. Wenye nukta hawapimwi."

"Nukta ndiyo nini?"

Mke wa katibu akainua kadi yake kwenye mwanga, akaiona. Aliyekaa jirani yake akatoa yake. Bibi mmoja wa Kikwavi, ambaye hakujua kusoma hata herufi, akaweka kidole juu ya yake, na yake ilikuwa ya zamani, imekolezwa na kukolezwa tena mpaka karatasi ikachimbika. Hakuhitaji kufundishwa kusoma ile. Wanawake wakaanza kuonyeshana, wa benchi la mbele na la nyuma, wakasimama, na kelele zilizopanda pale sijapata kuzisikia tena katika hospitali yoyote. Mzee Semboja akatoka ofisini, viatu vina tope la safari. "Kuna nini? Nani amekufa?" Sista akatoka upande wa pili. Aliona kadi zile zimeinuliwa, akajua papo hapo. "Nani amefanya hivi?"

Nikatoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wale kuniona nina miguu. Nikasema, "Mimi. Za leo zote ni mimi. Za zamani nusu Sista, nusu mimi." Nikamweleza Mzee Semboja, mbele yao wote, nukta ni nini, nani anaiweka na nani anaipata. Sista akasema, "Mwantumu, ingia ndani," nikamwambia siingii. Sijawahi kumwambia hapana mtu mzima kabla ya siku ile. Mzee Semboja alikuwa ameanza kazi enzi za mkoloni, wakati Mzungu alikuwa na hospitali yake, Mhindi yake, na Mwafrika yake ya nyuma. Aliishika kadi ya yule bibi muda mrefu. "Yule mkoloni alikuwa anaandika mlangoni," akasema, "ili hata asiyeingia aone. Sisi tunaandika kwa penseli." Kisha akaniuliza kama kuna aliye hatarini. Nikamtaja Tatu, nikamtaja na mafundo yake saba, na vimulimuli, na siku mbili zilizopita.

Tulikwenda na landrova, Mzee Semboja, muuguzi wa kipimo na mimi. Wifi yake Tatu alikuwa mlangoni akipiga kelele kabla hatujasimama. Tatu alikuwa ameanguka asubuhi akijiandaa kuja kwetu, meno yameuma ulimi, kanga ya kliniki ameshaivaa. Zebaki kwenye kipimo ilipanda mpaka muuguzi akaomba atazame Mganga mwenyewe. Alipelekwa Dar es Salaam siku ile ile, na mimi nilimshika kichwa mapajani mwangu njia nzima. Tatu alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekwisha kufa.

Mzee Semboja alipiga marufuku nukta, akakusanya penseli. Lakini kituo ni kituo. Sista aliandika kwamba karani amechafua nyaraka za serikali na kumvunjia heshima mkuu wake mbele ya wagonjwa, na yote mawili yalikuwa kweli. Mzee akaniita ofisini. "Mwanangu, mambo yamekwisha, tusiyakuze. Andika barua ya kuomba radhi, mistari mitatu. Iwe mezani kwa Sista Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa nne. Ukiandika, unabaki hapa na nafasi ya uuguzi ipo. Usipoandika, wanakuhamishia zahanati ya Magindu, na uuguzi usahau." Alisema kwa upole, na najua alinitakia mema. Kila mtu aliniambia niandike. Wauguzi wa Jumapili walinipita kama mti.

Katikati ya wiki ile nikasikia Tatu ameruhusiwa. Nikaenda kwa wifi yake mchana. Alikuwa amekaa uani juu ya mkeka ambao haujaisha, amejifunga kanga ngumu kifuani kuyazuia maziwa, yakapita hivyo hivyo. Nilimwamkia, akaitikia. Wifi akaniletea bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, chakula cha kwetu ambacho nilikuwa sijakila miezi mingi, na sikuweza kukimeza. Nikamwambia. Nilimwambia Tatu ile alama ni nini, na kwamba kwenye kadi yake sikuagizwa na mtu, niliiweka mimi, na kwamba nilijua kwa nini alisema hajui. Aliendelea kusuka kidogo, vidole vikienda vyenyewe.

"Nilikuona ukiiweka," akasema. "Siku ile ya kwanza. Wengine sikuona wakiwekewa, basi nikasema moyoni, huyu ananitambulisha kwa wenzake. Anawaambia, huyu wa kwetu, mtazameni vizuri." Akaukata ukindu kwa meno. "Nikaja kila tarehe kwa ajili hiyo."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Nililia pale uani kwa sauti mpaka wifi yake akanikaripia kwamba mwenye msiba si mimi, na alikuwa na haki.

Barua niliiandika usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa mwandiko wangu wote, na ikazidi mistari mitatu. Ilianza, "Kwako Dada Tatu binti Kondo, wa Kongowe," na chini ya hapo nikaandika nilichofanya, tarehe, saa, na nani alikuwepo. Niliandika nakala mbili. Ya kwanza nilikwenda kumsomea mwenyewe alfajiri, neno kwa neno, akaniambia nirudie pale palipoandikwa jina la mtoto, kwa kuwa alikuwa amempa jina, akanitajia siku ile uani, nikarudia. Ya pili niliiweka juu ya meza ya Sista, kabla ya saa nne, kama nilivyoagizwa, na nikaenda kufunga mzigo wangu wa Magindu.